Kipaza Sauti cha Mlangoni: Chanzo cha Sauti Dhaifu Katika Magari ya Zamani

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyaunda chenyewe bila kwenda kukopa, neno kipaza sauti ni mojawapo ya yale yaliyobahatika. Wasemaji walilikubali, likaingia katika kamusi, na mtoto wa shule ya msingi hulielewa mara ya kwanza alisikiapo. Hata hivyo neno hili lina ila mbili ambazo sisi walimu tumezoea kuzipita bila kuzitazama. Kwanza, hutumika kwa vyombo viwili vyenye kazi zilizo kinyume: kile akishikacho mhutubu mbele ya kinywa chake, na kile kinachotundikwa juu ya mti ili umati umsikie. Pili, na hili ndilo lililotusukuma kuandika makala haya, humfanya msikilizaji adhani kwamba chombo hicho ndicho kinachopaza sauti. Sivyo. Kinachopaza ni chombo kingine kilichofichwa ndani ya redio, ambacho hapa tutakiita kikuza sauti. Kipaza sauti hupokea umeme uliokwisha kukuzwa na kuugeuza kuwa mtikisiko wa hewa, na hata katika kazi hiyo ni mbadhirifu: kwa kawaida asilimia moja hivi tu ya nguvu ya umeme hutoka ikiwa sauti, na sehemu iliyobaki huishia kuwa joto.

Mafundi wa mijini hawalitumii sana neno hilo. Wao husema spika, na kwa kufanya hivyo hukwepa ila zote mbili, ingawa huangukia katika nyingine, kwa maana Spika ni pia yule mheshimiwa aketiye mbele ya Bunge, ambaye kazi yake mojawapo ni kuwanyamazisha wenzake.

Ubishi huu wa maneno ungebaki kuwa mchezo wa walimu kama usingekuwa na madhara. Lakini mtu aaminiye kwamba kipaza sauti hupaza sauti, akiisikia sauti dhaifu ndani ya gari lake, huenda dukani akanunua kipaza sauti kikubwa zaidi. Nasi tulifanya hivyo. Fedha tulizozipoteza hazikuwa nyingi. Lakini kabla ya kuzipoteza tulikuwa tumekwisha kuwahukumu wanafunzi wetu kwa kosa lisilo lao, na hukumu hiyo tuliiandika kwa wino.

Kisa chenyewe ni hiki. Tunafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari huko Buganda, mahali ambapo umeme huja na kuondoka bila kuaga. Walimu watatu tunatumia motokaa moja, Toyota Corolla iliyoundwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo ilikwisha kuzeeka kabla haijafika mikononi mwetu. Ilipokaribia siku ya zoezi la kusikiliza, kinasa sauti cha shule kilikuwa kimeharibika. Tukaamua kutumia redio ya gari. Tuliliegesha gari chini ya mwembe, tukafungua milango miwili ya mbele, na wanafunzi wa kidato cha pili wakaketi nyasini makundi mawili, kundi moja kila upande. Mwenzetu mmoja mwenye matamshi safi alikuwa ameturekodia sentensi thelathini. Tulizichagua kwa makusudi: kula na kura, mahali na mahari, dhana na zana, thamani na samani. Msomaji aliyefundisha katika nchi yetu ataijua shabaha yake. Katika Kiganda, l na r hazitofautishi neno na neno. Hubadilishana kwa kufuata irabu iliyotangulia. Nazo th na dh hazimo kabisa, hivyo mwanafunzi huzikimbilia s na z alizozizoea.

Matokeo yalikuwa ya kuhuzunisha. Kundi la kulia lilifanya kwa wastani. Kundi la kushoto lilifanya vibaya sana. Waliandika kura mahali pa kula, samani mahali pa thamani, na maneno mengine yasiyopatikana katika lugha yoyote. Tukawaandikia alama zao, tukaongeza maneno kwamba hawana bidii ya kusikiliza, na ripoti za muhula zikapelekwa kwa wazazi.

Muhula uliofuata tulirudia zoezi kwa sentensi nyingine. Kabla hatujaanza, msichana mmoja wa kundi la kushoto aliinua mkono. “Mwalimu,” akasema, “naomba leo sisi tukae upande ule.” Tulidhani ni utundu, lakini hapakuwa na sababu ya kumkatalia. Makundi yakabadilishana mahali. Na alama nazo zikabadilishana: waliofeli wakafaulu, waliofaulu wakafeli.

Hapo ndipo tulipokwenda mjini kununua vipaza sauti vipya, vikubwa na vyenye kung’aa, vilivyoandikwa tarakimu za kutisha. Vilipofungwa, sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya awali. Fundi wa redio tuliyempelekea gari baadaye aliingiza mkono nyuma ya pambo la mlango wa kushoto, akagonga bati kwa kidole, akatutazama kama daktari atazamavyo ndugu wa mgonjwa. “Mwalimu,” alisema, “spika ni nzima. Mlango wenu ndio unaoumwa.”

Ili kuyaelewa maneno hayo ilitubidi turudi nyuma miaka mia moja.

Vipaza sauti vya kwanza vilivyoweza kuusemesha umati vilikuwa na pembe kubwa mfano wa tarumbeta. Mwezi wa Disemba 1915, huko San Francisco nchini Marekani, Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham waliwashangaza watu kwa chombo walichokiita Magnavox. Mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson alikitumia kuhutubia umati mkubwa katika mji wa San Diego. Pembe ilifanya kazi kubwa kwa umeme kidogo, lakini ilisema kwa sauti ya puani, nayo ilihitaji nafasi. Mwaka 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg, walitangaza chombo kisichokuwa na pembe: koni ya karatasi iliyoshikizwa koili ndogo ya waya, na koili hiyo imewekwa katikati ya sumaku. Umeme ukipita katika koili, koni husukumwa mbele na kuvutwa nyuma, na hewa hutikisika pamoja nayo. Karibu kila kipaza sauti tunachokiona leo, cha redio au cha gari, ni kizazi cha kile cha mwaka 1925.

Lakini chombo hicho kilizaliwa na sharti, na sharti hilo ndilo moyo wa makala haya. Koni ikienda mbele huibana hewa iliyo mbele yake, na papo hapo huacha upungufu wa hewa nyuma yake. Hewa iliyobanwa, ikipata njia, huzunguka ukingo wa koni na kwenda kuujaza upungufu ule. Sauti ya mbele na sauti ya nyuma huuana kabla hazijalifikia sikio. Jambo hili huzipata zaidi sauti nene. Sauti yenye mitetemo 100 kwa sekunde, ambayo ni karibu na kimo cha chini cha sauti ya mwanamume anenapo, ina wimbi lenye urefu wa meta 3.4, wimbi kubwa namna hiyo huizunguka koni ya sentimita 16 bila taabu, kama maji ya mto yazungukavyo mti mmoja. Sauti kali yenye mitetemo 3,400 ina wimbi la sentimita 10 tu, nayo husonga mbele. Kwa hiyo kipaza sauti kilichoachwa hewani, bila kitu cha kuitenga mbele na nyuma, hutoa sauti nyembamba ya bati hata kama kina nguvu kiasi gani. Rice na Kellogg walilijua hilo, nao walikipachika chombo chao katika tundu la ubao mpana. Baadaye watu wakaligeuza ubao kuwa sanduku. Mtu anaweza kuthibitisha jambo hili kwa dakika moja: atoe kipaza sauti katika sanduku lake huku kikilia, asikie jinsi sauti inavyokonda, kisha akirudishe.

Tukiwa na sharti hilo mkononi, tutazame sasa jinsi redio ilivyoingia katika gari. Mwaka 1930 Paul Galvin wa Chicago alilipeleka gari lake Atlantic City, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio. Kwa kuwa hakuwa na banda, aliliegesha nje, akafungua redio aliyoifunga humo ili wapitao wasikie. Aliiita Motorola, na mwaka 1947 kampuni yake nzima ikachukua jina hilo. Kuifunga redio ya wakati ule kulikuwa ni kazi ya siku nzima na zaidi: fundi alibidi atoboe gari, atafute mahali pa kuweka betri za ziada, na aizime mikwaruzo iliyotokana na cheche za plagi za injini. Kule Ujerumani, mwaka 1932, kampuni ya Blaupunkt ilitoa redio yake ya kwanza ya gari kwa bei ya Reichsmark 465, kiasi ambacho kilikuwa karibu theluthi moja ya bei ya gari dogo.

Katika pirikapirika zote hizo, hapana aliyeuliza sauti itakaa wapi. Gari lilikuwa na mahali pa injini, mahali pa abiria na mahali pa mizigo. Sauti ilikuwa mgeni aliyefika usiku, akalazwa panapopatikana. Kwanza ilikaa chini ya dashibodi karibu na miguu. Halafu, kwa miaka mingi, ilikaa katikati ya dashibodi: kipaza sauti kimoja, kikitazama juu kwenye kioo cha mbele, nacho kioo kikiirudisha sauti usoni mwa abiria. Wapenzi wa muziki hukicheka kipaza sauti hicho. Sisi tunathubutu kusema kwamba kwa maneno yaliyosemwa, yaani habari, hotuba na michezo ya redio, kililitumikia sikio vizuri kuliko viwili vilivyokuja kukirithi. Kilikuwa kimoja, hivyo hakikugombana na mwenzake. Kilikuwa juu, hivyo herufi s na f hazikuzimwa na magoti ya mtu. Waliosikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, au Deutsche Welle, iliyoanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1963, wakiwa katika magari ya enzi hizo, walisumbuliwa na mawimbi mafupi yaliyopanda na kushuka, wala si na kipaza sauti.

Mageuzi mawili yaliivunja hali hiyo. La kwanza ni transista. Redio za valvu zilihitaji volti nyingi mno kuliko zile za betri ya gari, hivyo zilibeba mitambo mizito ya kuzipandisha. Mwaka 1955 kampuni za Chrysler na Philco zilitangaza redio ya gari yenye transista tupu, na baada ya hapo redio ikawa nyepesi, ikawa rahisi, ikamfikia mtu wa kawaida.

La pili ni sauti ya njia mbili, ile iitwayo sterio. Marekani iliruhusu matangazo ya FM ya sterio mwaka 1961. Philips ilionyesha kaseti yake Berlin mwaka 1963. Na katika magari ya Ford ya toleo la mwaka 1966 mnunuzi aliweza kuagiza mashine ya kanda za sterio. Njia mbili zahitaji vipaza sauti viwili, tena vyenye kuachana, kimoja kushoto na kimoja kulia. Dashibodi ilikwisha kujaa saa, vipimo na matundu ya hewa. Paliposalia ni milangoni. Mlango haukuchaguliwa kwa sababu unafaa kwa sauti. Ulichaguliwa kwa sababu kila gari lilikuwa nao, kushoto na kulia.

Tuutazame basi mlango wenyewe, maana watu huufungua kila siku bila kuujua. Si ubao mmoja. Ni bati la nje lililo jembamba, kisha nafasi tupu, kisha bati la ndani lililotobolewa matundu makubwa ili mkono wa fundi ufikie mtambo wa kioo na kitasa. Juu ya bati hilo hubandikwa karatasi ya plastiki, na mwisho kabisa huja pambo, ambalo katika magari ya zamani ni hadibodi iliyovikwa ngozi ya plastiki. Mvua inaponyesha, maji huteremka na kioo yakaingia ndani ya mlango, kisha hutoka kwa vitundu vidogo vilivyo chini kabisa. Kwa hiyo mlango ni sanduku la ajabu: lina madirisha makubwa upande wa ndani, lina mifereji ya maji upande wa chini, na ukuta wake wa nje hulia kama debe. Humo ndimo tulimoweka chombo ambacho sharti lake la kwanza ni kwamba mbele isikutane na nyuma.

Si kweli kwamba wahandisi hawakujua. Mwaka 1961, huko Australia, Neville Thiele alichapisha hesabu zilizoonyesha jinsi kipaza sauti na sanduku lake vinavyofanya kazi kama chombo kimoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney aliziendeleza hesabu hizo hata zikawa msingi wa kazi hiyo duniani kote. Katika magari ya toleo la mwaka 1983, General Motors kwa kushirikiana na Bose iliweka katika magari yake ya fahari, kama Cadillac Seville, vipaza sauti vilivyokuwa kila kimoja na sanduku lake na kikuza sauti chake, vikiwa vimesanifiwa kwa umbo la gari lenyewe. Mwenye Cadillac aliipata faida ya elimu hiyo. Mwenye gari la kawaida aliendelea kupewa tundu katika hadibodi.

Hata tundu hilo, gari likiwa jipya, halikuwa baya sana, kwa sababu ile karatasi ya plastiki iliyaziba matundu ya bati kwa kiasi, na pambo lilikuwa limebana. Gari letu lilipotoka kiwandani huenda lilisema vizuri. Lakini magari yetu hayaji kutoka kiwandani. Huja baada ya kutumika miaka mingi kwa watu wengine, na mengi hutoka Japani, ambako kuna jambo moja lililofanya milango yake ifunguliwe kuliko ya nchi nyingine. Kule matangazo ya FM yalipangwa kati ya megahezi 76 na 90, na katika miaka ya karibuni yakasogezwa hadi 95. Huku kwetu, kama sehemu nyingi za dunia, ni kati ya 87.5 na 108. Redio ya gari la Kijapani la miaka ile huzipata stesheni chache tu za mwanzo, na nyingine zote huwa kwake kama hazipo. Kabla ya mwaka 1993, ambapo stesheni za FM za binafsi zilianza hapa Uganda, jambo hilo halikumwudhi mtu. Baada ya hapo likawa la kila mwenye gari. Wengine hufunga kifaa cha kubadili masafa. Wengi huing’oa redio na kutia nyingine, na mara nyingi hubadili vipaza sauti pia.

Kila anapokuja fundi, pambo la mlango hung’olewa. Vibanio vyake vya plastiki huvunjika vitatu, hurudishwa viwili. Karatasi ya ndani huchanwa ili mkono upite, nayo hairudishwi, kwa kuwa haina kazi ionekanayo. Nyaya hukatwa, huungwa kwa kusokotwa, na hufungwa kwa utepe ambao gundi yake huyeyuka juani. Mlango wetu wa kushoto ulikuwa umepatwa na hayo yote, pamoja na kioo kilichovunjika na kurekebishwa mara mbili. Wa kulia, kwa bahati, ulikuwa haujaguswa isipokuwa mara moja. Hiyo ndiyo tofauti yote iliyokuwako kati ya kundi la kulia na kundi la kushoto.

Fundi wetu alianza na jambo ambalo hatukulitegemea. Alichukua betri kavu ya volti 1.5, ya tochi, akagusisha nyaya zake mbili kwenye kipaza sauti cha kulia. Koni ikaruka nje kidogo. Akafanya vivyo hivyo kwa nyaya zitokazo kwenye redio kwenda cha kushoto, akizishika kwa mpango uleule. Koni ikarudi ndani. Nyaya za kushoto zilikuwa zimepishana. Kipaza sauti kimoja kilipokuwa kinasukuma hewa, mwenzake alikuwa anaivuta, na sauti nene za vyote viwili zilikuwa zikiuana ndani ya gari. Sasa tukaelewa kwa nini, tuwapo safarini, msomaji wa habari alisikika kama aliyetumbukia mtungini. Kubadilisha nyaya hizo kulichukua muda mfupi kuliko kukieleza kisa hiki.

Kazi ya pili ilikuwa ni kuziba. Matundu makubwa ya bati la ndani yalifunikwa kwa vipande vya bati vilivyokatwa kwa kipimo, na juu yake zikabandikwa shiti za lami zenye mgongo wa alumini, zilezile ambazo mafundi huziba nazo mapaa yanayovuja. Kipande cha shiti hiyo kilibandikwa pia nyuma ya bati la nje, palipoelekeana na kipaza sauti. Fundi alipoligonga tena, halikulia kama debe bali kama mbao. Alitahadhari kwa mambo mawili ambayo tunawasihi wasomaji wasiyasahau: vile vitundu vya maji vya chini viliachwa wazi, maana mlango ulioziba maji huoza kwa kutu, na kioo kilipandishwa na kushushwa mara kadhaa kabla ya kufunga pambo, kuhakikisha kwamba hakigusi kitu.

Tatu, kipaza sauti hakikurudishwa juu ya hadibodi. Hadibodi iliyolowa mvua ya miaka mingi hulegea kama mkate, na koni inapokwenda mbele, ubao nao hurudi nyuma. Alikata pete ya plaiwudi, akaipaka rangi ya mafuta pande zote isinywe maji, akaikaza kwa skrubu katika bati lenyewe, na kipaza sauti kikakaa juu ya pete hiyo. Ukanda wa sponji ukazungushwa kati ya pete na pambo, ili sauti isipenye kwenda kutembea nyuma ya pambo. Halafu akatushangaza kwa kuvirudisha vipaza sauti vyetu vya zamani na kutupa vile vipya mkononi. Alisema vile vya zamani vilihitaji umeme mdogo kwa sauti ileile. Ukingo wa sponji wa kile cha kushoto ulikuwa umemomonyoka, kama sponji hizo zinavyofanya zikifikisha miaka kumi au kumi na mitano, naye akabandika mpya.

Juu ya tarakimu za kutisha zilizoandikwa dukani, inafaa mwalimu azijue hesabu zake. Gari likiwa linakwenda, umeme wake ni volti 14 hivi. Kipaza sauti cha kawaida cha gari kina ukinzani wa omu 4. Kwa kanuni za umeme tunazozifundisha katika sekondari, kikuza sauti cha namna ya zamani hakiwezi kupitisha zaidi ya wati 6 hivi katika ukinzani huo, na cha namna mpya zaidi, kisicho na mtambo wa kupandisha volti, hakizidi sana 20. Aliyeandika 50 au 200 juu ya redio ya namna hiyo ameandika matumaini. Tena sikio halihesabu kama duka: ili lione kwamba sauti imeongezeka maradufu, nguvu haina budi kuongezwa karibu mara kumi. Anayezungusha kitufe hadi mwisho ili kuushinda mlango mbovu hukisukuma kikuza sauti mahali kinapochana mawimbi, na hapo ndipo koili huungua. Kuziba tundu la bati kulitupa zaidi ya vile ambavyo wati zozote zingetupa.

Lilibaki suala la herufi. Sehemu kubwa ya sauti ya s, sh, th na z imo juu ya mitetemo 3,000 kwa sekunde. Simu za waya za zamani zilipitisha kati ya 300 na 3,400 tu, ndiyo sababu watu walipotaja majina yao kwenye simu waliyataja herufi moja moja. Kuziba mlango kunazisaidia sauti nene; hakuongezi hizi kali, ambazo husafiri kwa mstari ulionyooka na kuzuiwa na chochote, hata kitambaa cha suruali. Abiria aliyeketi ana miguu yake katikati ya njia hiyo. Dawa yake ni vipaza sauti vidogo vinavyowekwa juu, karibu na kioo cha pembeni, na tumeahirisha kuvinunua. Chini ya mwembe shida hiyo haikuwapo, kwa kuwa wanafunzi walioketi nyasini masikio yao yalikuwa karibu usawa mmoja na kipaza sauti. Shida yetu pale ilikuwa ni mtetemo wa pambo lililolegea. Kila neno lilipotamkwa, hadibodi ilitetemeka ikatia mkwaruzo wake, na mtoto ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi l na r alisikia mkwaruzo huo akaandika r. Alisikia sawasawa kabisa. Mwenye kusema r alikuwa mlango.

Zoezi la tatu tulilifanya baada ya matengenezo, kwa sentensi zilezile za mara ya kwanza. Makundi yalikaribiana alama hata tusiweze kuyatofautisha kwa upande. Tulizifuta alama za muhula uliopita, tukawaandikia wazazi barua moja moja kwa mkono, tukieleza kwamba maneno yale ya kukosa bidii tuliyaandika kwa makosa. Mzazi mmoja alijibu kwa kuuliza gari letu lina uhusiano gani na Kiswahili cha mwanawe, na tulimwalika aje akae upande wa kushoto.

Wako wanafunzi kama sita ambao bado huandika kura mahali pa kula, popote wakaapo. Kwao hao ndiko tunakoanzia muhula huu.